Jinsi ya kuandaa usiku wa nyota Dar: darubini iache mwisho

Darubini yangu ya kwanza ilikaa juu ya kabati miezi minne, na shida haikuwa darubini, shida ilikuwa watu. Ukisimama peke yako uani Tabata saa 3 usiku umeelekeza bomba juu, kwanza majirani wanakushangaa, pili ndani ya dakika 20 ushachoka kwa sababu hamna wa kumwambia "njoo uone hii". Afu siku moja umeme ukakatika mtaa mzima, watoto wakatoka nje kama kawaida yao, mi nikaitoa nikailengesha kwenye mwezi, nusu saa baadaye nina foleni imefika mpaka kwenye meza ya muuza chipsi. Ndo tulipoanzia hapo. Siku hizi tunakutana karibu kila mwezi, mara mtaani mara Kigamboni, na kwa kuwa watu wananiuliza sana mambo haya yanaandaliwaje basi ngoja niyaandike yote kwa mpigo, makosa yetu yakiwemo, manake tulikosea mengi.

Anza na tarehe. Na tarehe haipangwi na wikendi wala na mshahara, inapangwa na mwezi wenyewe wa angani. Safari yetu ya kwanza ya ufukweni tulienda usiku wa mwezi mpevu, tukijua mbalamwezi itatusaidia kuona vizuri. Weee. Mwezi ukijaa ni kama taa za uwanja wa mpira, nyota ndogo zote zinafutika, na huo mwezi wenyewe ukiuangalia kwenye darubini hauna lolote, ni duara jeupe linalouma jicho, kwa sababu jua linaumulika usoni moja kwa moja na vivuli vinapotea. Mashimo na milima ya mwezini unaifaidi pale kwenye mpaka wa mwanga na giza, sehemu ambayo jua ndo kwanza linachomoza huko juu na vivuli ni virefu, unaona kabisa kuwa hili ni shimo na hapa pana ukingo. Kwahiyo nusu mwezi ni bora mara kumi kuliko mwezi kamili.

Sasa njia rahisi ya kujua, hata bando usipokuwa nalo: tazama ile kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu. Tarehe ya mwandamo ndo umri wa mwezi, hamna hesabu. Tarehe 5 mpaka 10 mwezi uko angani jioni na una vivuli vizuri, izo ni siku za mtaani. Tarehe 14 na 15 lala nyumbani. Kuanzia tarehe 20 kwenda juu mpaka 2 au 3 ya mwezi unaofuata, sehemu kubwa ya jioni ni giza, izo ni siku za kutoka nje ya mji. Wengi wanadhani lazima mwezi usiwepo kabisa, hapana, tarehe 21 mwezi unachomoza kwenye saa 5 au 6 usiku na kila siku unazidi kuchelewa kama dakika 50, na nyie saa hizo mshaanza kufungasha. Kama kalenda huna muulize mvuvi wa dagaa yeyote, wale wanavua kwa taa usiku wa giza na mwezi ukijaa wanapumzika, kwahiyo ukiona taa nyingi zimejipanga baharini huko mbali ujue anga la leo linafaa.

Saa za kuanza, sisi ni saa 2 usiku. Jua la Dar linazama kati ya saa 12 na robo hivi na saa 1 kasoro mwaka mzima, haibadiliki sana kwa kuwa tuko karibu na ikweta, na baada ya saa nzima na kidogo giza linakuwa limekamilika. Afu saa 2 watu washaswali Isha, wenye daladala washafika kwao, wamama washapakua chakula. Tuliwahi kuweka saa 1, nusu ya watu walikuja saa 2 na nusu nyingine ilikuja imenuna.

Kuhusu majira, masika usijisumbue. Machi mpaka Mei panga kikao cha ndani, mpige stori, anga likifunguka ni zawadi. Vuli nayo inasumbua Oktoba mpaka Desemba ila hapo unapata usiku mzuri katikati ya mabaya. Wakati wenyewe wa Dar ni kipupwe, Juni mpaka Agosti, usiku mkavu kidogo, kuna kaubaridi, na bahati nzuri ndo wakati ule utepe wa Njia Nyeupe unapita utosini. Wenzetu wa Ulaya wanakipata kitovu cha hiyo galaksi yetu kikiwa chini chini kwenye upeo, sisi tunalala chali kwenye mkeka na tunacho juu ya pua. Januari na Februari pia ni pazuri, joto lipo, jasho lipo, ila mawingu mara nyingi yanakaa pembeni.

Mahali. Kuna sehemu mbili na usizichanganye. Ya kwanza ni mtaani: uwanja wa shule, kona ya kahawa, juu ya paa la ghorofa kama mwenye nyumba mnaelewana. Mwezi na sayari havijali taa za mji, unaweza kuiona Mshtarii na miezi yake minne mikubwa ukiwa katikati ya Kariakoo, mradi tu taa ya nguzo isikupige jichoni. Kwahiyo mtu akikwambia huwezi kutazama anga ukiwa mjini anakuongopea, kasoro tu kwamba vitu hafifu kama galaksi na mawingu ya gesi hautavipata. Mi nashauri vikao vyenu vitatu vya mwanzo vyote viwe vya mtaani. Ni bure, hamna nauli, na mpita njia anaingia foleni bila kuambiwa.

Kuna jamaa mmoja huko San Francisco, John Dobson, alikuwa mtawa, akawa anatengeneza darubini kubwa kwa mbao na makaratasi magumu na vioo vya madirisha ya meli, na mwaka 1968 yeye na wenzake wakaanzisha kikundi cha kuziweka barabarani ili kila anayepita achungulie. Zile darubini fupi nene zinazokaa kwenye boksi la mbao badala ya miguu mitatu ndo zinaitwa Dobson mpaka leo. Mi kila nikipita bandarini nikaona vile vidirisha vya duara vya meli namkumbuka huyu mzee.

Sehemu ya pili ni gizani. Kwa Dar jibu fupi ni Kigamboni, ila sio Kigamboni ya karibu na pantoni, pale pameshakuwa mji. Nenda mbele, Kimbiji huko, Pembamnazi. Ukiwa ufukwe wa upande ule mashariki yote ni bahari, hamna mji wala taa, na mng'ao wa Dar unabaki nyuma yako kaskazini magharibi. Wengine wanapenda Kisarawe kwa kuwa ni juu kidogo na chumvi haipo, wa Tegeta na Bunju kwao Bagamoyo ni karibu. Chagua kulingana na watu wako wanakaa wapi, usimtoe mtu Bunju umpeleke Kimbiji afu ushangae mwezi ujao haji.

Ufukweni kuna jambo la maji. Siku za giza na siku za mwezi mpevu ni siku za bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Hapa kwetu siku hizo yanajaa mida ya saa 10 jioni na yanatoka mpaka kwenye saa 4 usiku, kwahiyo mkifika jioni ufukwe utauona mwembamba na usiku unazidi kupanuka, mtajisogeza mbele mbele kufuata mchanga mgumu. Sawa, ila kumbukeni yanarudi. Mliopanga kukesha mpaka alfajiri vitu vyote vipandisheni juu ya ile alama ya majani makavu. Sisi tulipoteza kindoo cha vitafunwa na ndala tatu, zote za mguu wa kushoto sijui kwanini.

Sasa hapa naomba usome taratibu, kibali. Sio kibali cha wizara, ni kumwambia mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa kabla ya siku yenyewe. Mara yetu ya pili upande wa Kigamboni hatukumwambia mtu. Saa 3 usiku tuko tisa kwenye kiwanja wazi tumesimamisha miguu mitatu na bomba juu, wakaja vijana wa ulinzi shirikishi na tochi, nyuma yao wazee, nyuma yao kinamama wanaongea kwa ukali. Mi nikajua wametuona majambazi. Kumbe hapana, walidhani ni wapima viwanja! Na ukifikiria wana haki, mtu amekaa kwenye eneo lake miaka 30, kila akiona miguu mitatu na watu wageni wanachungulia kwenye bomba mwisho wake ni alama nyekundu ukutani. Tukaeleza wee, tukawaambia waangalie wenyewe, hakuna aliyetaka kuangalia. Tukafungasha. Kesho yake ikabidi niende ofisini kwao nikaandike barua ya maelezo, na swali la kwanza nililoulizwa lilikuwa "mmetumwa na nani". Tangu siku hiyo barua ya nusu ukurasa inatangulia siku tatu kabla: sisi ni kina nani, tuko wangapi, tunafika saa ngapi tunaondoka saa ngapi, hatupimi ardhi. Hiyo sentensi ya mwisho iandike kabisa. Na ukifika, kabla ya kufungua begi, nenda kasalimie, shikamoo kwa wazee, waalike. Ukipata kijana wa pale pale akakaa na nyie usiku kucha kama mwenyeji, mpeni chake, na shida zenu nyingi zimeisha.

Watu. Grupu la WhatsApp linatosha, ila weka sheria moja: grupu la tarehe na picha za anga tu, la sivyo ndani ya wiki limejaa salamu za asubuhi na matangazo ya mikopo. Mkutane tisa mpaka kumi na tano kwa darubini moja, wakizidi hapo foleni inakuwa ndefu na watu wanaanza kuangalia simu. Kwa safari ya nje kodini Hiace moja wote mwende na mrudi pamoja, kila mtu achange kabla, ukikusanya nauli gizani wakati wa kurudi utakuja kulipa mwenyewe. Madada wengi walituambia wazi kwamba wanakuja kwa sababu gari ni moja na linamshusha mtu mpaka karibu na kwao, wangeambiwa wapande boda saa 6 usiku kutoka huko wasingekuja, na mi nawaelewa kabisa. Jambo dogo ila kubwa, dereva mwambieni mapema kuwa mkifika taa zizimwe, asiwashe hata kidogo kutafuta chaja yake. Tulikaa nusu saa macho yakizoea giza, dereva akawasha taa kubwa atoe gari kwenye mchanga, tukaanza upya.

Hilo la macho ndo wageni hawalijui. Jicho linahitaji dakika 20 mpaka 30 gizani kabla halijawa kali, na mwanga mweupe wa sekunde moja unarudisha nyuma kila kitu. Mwanga mwekundu hafifu ndo hauharibu sana. Hamna haja ya kununua tochi maalum, chukua tochi ndogo paka kioo chake rangi ya kucha nyekundu mara mbili, imeisha hiyo, dada yangu ndo alinigundulia na akaidai chupa yake. Simu punguzeni mwanga mpaka mwisho au zikae mfukoni. Mtaani kwenye mwezi hayo yote achana nayo, mwezi wenyewe ni mwangavu tayari.

Vifaa nimeviweka huku chini makusudi. Ukiwa na macho mawili na mkeka unaweza kuandaa usiku wa nyota leo leo. Ukipata hela ya kwanza nunua bainokula, ile iliyoandikwa 10x50, yaani inakuza mara 10 na lenzi ya mbele ina milimita 50, inatosha kuona mashimo ya mwezini na vishada vya nyota ambavyo jicho tupu linaona ukungu tu. Inachosha mikono kwahiyo lala chali, viwiko ardhini. Darubini ndo inafuata, na hapo kuwa makini na maboksi yanayojitapa yanakuza mara 525 sijui 675. Kanuni ya kawaida ni mara mbili kwa kila milimita ya lenzi ya mbele, darubini ya milimita 60 ikivuka mara 120 unachopata ni uji. Uliza upana wa lenzi au kioo, usiulize inakuza mara ngapi. Milimita 70 inakuonyesha pete za Zohali, 130 au 150 ya kioo ndo unaanza kufurahi kwenye vitu hafifu. Na miguu dhaifu ni ugonjwa mkubwa kuliko lenzi mbaya, upepo wa bahari ukivuma picha inacheza ngoma, dawa yake ni kujaza mfuko wa mchanga na kuuning'iniza katikati ya miguu. Kile kidarubini kidogo cha kulengea cha pembeni kilinganishe na bomba kubwa mchana, lenga ncha ya mnara wa simu ulio mbali, usiku ukianza kuhangaika nacho wageni wanaondoka.

Dar ina unyevu, hili halikwepeki. Darubini ikitoka chumba chenye AC ikaingia nje inaloa kama chupa ya soda, itoe saa nzima kabla. Mbele ya bomba zungushia kipande cha boksi kigumu kirefu kiasi kama kofia, umande unachelewa kukamata lenzi. Ikiloa usiifute na khanga wala shati, chumvi ya bahari inakwaruza, iache ikauke. Nyumbani ihifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana pamoja na vile vipakiti vinavyokaa kwenye maboksi ya viatu, viombe dukani wanavitupa tu. Mi lenzi yangu moja iliota ukungu kama mkate, nilikuwa nimeifunga vizuri sana kwenye kitambaa.

Haya, usiku umefika, watu wamekuja. Wapange hivi: watoto kwanza maana kesho shule, wazee wapewe kiti, wengine foleni. Azima kreti la soda, wafupi wanapanda juu, bila kreti utakesha unabeba watoto. Mtu mmoja asimame kwenye darubini na kazi yake ni hiyo tu, kwa sababu kila mgeni akifika atalishika bomba kama usukani na kitu kitapotea, afu hata wasipoligusa dunia inazunguka, ukikuza mara 100 kitu kinatoka kwenye duara ndani ya dakika kama mbili. Mwambie mtu anachokwenda kuona kabla hajainama. Na mwambie ukweli: rangi za kwenye picha za intaneti hazipo, zile zinapigwa kwa muda mrefu. Zohali ataiona ndogo kama punje, ila ina pete zake, na kelele yake akiiona utaisikia mwenyewe. Watu wetu wawili walizunguka mbele ya bomba kuangalia kama nimebandika picha.

Cha kuonyesha kinategemea majira, weka programu ya Stellarium kwenye simu ikupe sayari za siku hiyo. Sayari ni rahisi kuzitambua, nyota zinametameta, sayari zimetulia. Kwenye Mshtarii waonyeshe vile vidoti vinne pembeni, Io, Europa, Ganymede na Callisto, ambavyo Galileo aliviona mwaka 1610 kwa kidarubini duni kuliko hicho chenu, na kama mnakaa masaa mawili matatu mtaona vimehama.

Juni na Julai anza na Msalaba wa Kusini, saa 2 usiku uko upande wa kusini umeanza kuinamia magharibi, na nyota mbili kali kushoto kwake. Ile ya mbali zaidi na msalaba ndo Alpha Centauri, jirani yetu, mwanga wake unasafiri miaka 4 na kidogo, mwambie mtoto wa darasa la tatu kuwa mwanga huu uliondoka kule yeye akiwa bado chekechea. Ukirefusha mti mrefu wa msalaba mara nne na nusu unafika kwenye ncha ya kusini ya anga, ambayo kwa Dar iko chini karibu na upeo, nyuzi 7 hivi. Ile nyota ya kaskazini ya kwenye vitabu usiitafute, kwetu iko chini ya upeo. Kwenye saa 4 tazama juu, Nge huyo na mkia wake uliopinda, kundi pekee ambalo sijawahi kumwelezea mtu mara mbili. Bainokula ipitishe taratibu kuanzia mkiani kwake, usiseme chochote, muache mtu.

Januari na Februari ni zile nyota tatu zilizojipanga mstari, kiuno cha Orion, na katikati ya Februari saa 2 usiku ziko utosini. Rigel, ile ya kibuluu, inapita karibu kabisa na wima juu ya Dar, shingo zinauma, mikeka mikeka. Fuata mstari wa zile tatu upande mmoja unafika Sirius, nyota kali kuliko zote usiku, upande wa pili unafika Aldebaran nyekundu na mbele yake Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota. Wenye madrasa wanafaidi hapa maana majina ni Kiarabu, Rigel ni mguu, Aldebaran ni mfuasi, anafuata Kilimia kila siku hampati. Kusini kuna Canopus, kwa Waarabu ni Suheli, na mabaharia wa pwani yetu waliuita upande wa kusini hivyo hivyo, suheli.

Kilimia ipe muda. Jicho tupu linahesabu sita, bainokula inajaza duara zima. Mwanga wake umesafiri miaka kama 440, yaani uliondoka huko kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus pale Mombasa mwaka 1593. Kuna mzee anauza kahawa kwenye vikao vyetu (mleteni muuza kahawa, kahawa na kashata ndo inashikilia watu wakati wa mawingu), yule mzee siku ya kwanza aliitazama kwenye bainokula akaishusha akasema "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua". Mi nilikuwa nausikia huo msemo kama msemo. Kumbe ni kalenda: Mei inazama pamoja na jua kwenye mvua za masika, inapotea, na Juni inachomoza alfajiri mvua zimekwisha. Tangu hapo yeye ndo anaelezea Kilimia, mi nanyamaza.

Kwa vimondo hamna haja ya darubini, usiku wa kuamkia Desemba 14 laleni kwenye mikeka kuanzia saa 5, mtazame juu tu. Mwezi ukiwepo mtaona vichache.

Jiandae na maswali. Bendera ya Marekani iliyoachwa mwezini haionekani, kwa darubini zetu kitu cha mwezini kisichofika kilomita kadhaa hakishikiki. Afu kuna hili la kwetu peke yetu, neno unajimu linabeba mambo mawili, elimu ya anga na utabiri wa nyota, kwahiyo ukitangaza usiku wa nyota watakuja wanaotaka kujua nyota zao, na mmoja aliniita pembeni kwa heshima zote akauliza kusafishiwa nyota ni shilingi ngapi. Usimcheke mtu. Mi humwambia hapa tunazitazama tu, kusafisha hatujafika, aingie foleni. Huwa wanaingia. Na ukitaka watu wajue kuwa elimu hii ina wenyewe hapa hapa nchini, waambie habari za Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria ambaye amekuwa akiieneza elimu ya anga kwa miaka mingi, na kile kimondo cha chuma cha Mbozi, Songwe, kimelala pale mtu unaenda unakigusa.

Mchana sasa. Jua halitazamwi kwa darubini wala bainokula bila kichujio maalum kinachofungwa mbele ya lenzi, sio nyuma kwenye jicho, mbele. Sekunde moja inatosha kuunguza jicho na hautasikia maumivu. Mwaka 2016, Septemba 1, jua lilipopatwa kipete, yaani likabaki pete ya mwanga, na watu wakajaa Rujewa kule Mbeya, sisi Dar tulipata kipande, na niliona watu wanatumia filamu za eksirei na miwani ya jua, vyote viwili havifai. Kwa kutazama bila darubini ni kioo cha kuchomelea cha namba 14 au miwani ya kupatwa kwa jua yenye alama ya ISO 12312-2, basi. Nayasema mapema kwa sababu Agosti 2, 2027 kuna lingine, kamili litapita Misri na Saudia huko, sisi kipande tena, na nataka siku hiyo kila mtaa uwe na mtu wa kuwanyang'anya watoto eksirei.

Mawingu yakija msiondoke haraka, mawingu ya pwani yanapita vipande vipande, subirini saa moja na kahawa. Yakigoma kabisa fungasheni. Wakati wa kufungasha hesabu vifuniko vya lenzi kwa sauti, vinapenda kubaki mchangani, hesabu na watu, takataka zote zipande gari.

Na kabla Hiace haijang'oka, watu wakiwa bado wamesimama na wana usingizi, taja tarehe ya kikao kinachofuata. Ukisema tutajulishana kwenye grupu ndo ntolee, miezi mitatu inapita. Sisi kinachofuata ni cha mtaani, tarehe 7 ya mwandamo, saa 2 usiku, mwenyekiti ana barua tayari na kreti nishaliazima.